Usifagie Nyuma Yangu

Ufagio ulikuwa umeshagusa sakafu.

Ilikuwa asubuhi ya Julai, mjini Voronezh, kusini mwa Moscow. Nimeburuta begi hadi mlango mkubwa wa bweni, teksi inaunguruma nje, narudi nyumbani moja kwa moja baada ya miaka sita ya masomo. Nyuma yangu binti msafishaji anakuja taratibu, anasukuma vumbi la korido kunifuata visiginoni. Mama wa zamu, yule aliyekaa kwenye dawati la mlangoni miaka yangu yote sita, akainuka kitini. Huyu mama hakuinuka hata siku moshi ulipojaa jikoni ghorofa ya tatu. Siku hiyo aliinuka.

"Acha! Hajafika bado!"

Binti akaunyanyua ufagio kama aliyeona nyoka. Mama akanieleza, kwa sauti ya kumweleza mtoto mgumu wa kuelewa, kwamba anayesafiri hafagiliwi nyuma mpaka afike aendako. Ukifagia unamfutia njia. Kisha akaniamuru nikae juu ya begi. Naye akakaa. Binti akakaa kwenye ngazi. Dereva aliingia kutuharakisha, akatukuta watu watatu tumetulia kimya kama tuko msibani, akaelewa, akanyamaza na yeye.

Ikapita dakika nzima. "Haya, nenda na Mungu."

Nikaondoka huku nacheka.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Bibi yangu alikuwa akitoka kisimani alfajiri anaburuta kuti nyuma yake, na mchanga unabaki laini kana kwamba hakupita mtu. Hakuwa mshirikina, mwenyewe angekwambia. Alikuwa mwangalifu tu. Mtu akikuchukulia unyayo, alisema, usihangaike kwenda hospitali kuuliza mguu una nini.

Kuti la bibi na ufagio wa Voronezh vilikaa kichwani mwangu miaka kumi na miwili bila kukutana.

Wiki sita zilizopita nilikuwa nasoma mambo mengine kabisa, jinsi Boris Godunov alivyokalia kiti cha enzi Moscow mwaka 1598, nikafika kwenye kiapo walichokula raia wake. Nikasoma mstari mmoja. Nikainuka, nikachemsha chai, nikarudi kuusoma tena.

Waliapa kwamba hawatachukua unyayo wake.

## Kiapo

Si mstari uliojificha pembeni. Umo katikati ya kiapo, pamoja na ndugu zake. Watu wanamwahidi tsar, yaani mfalme wao, mkewe Maria na watoto wao Fyodor na Ksenia kwamba hawatawatendea baya katika chakula, wala kinywaji, wala nguo. Hawatawapa mizizi mibaya. Hawatamtuma kwao mchawi, awe mwanamume au mwanamke. Hawatawapelekea shari kwa upepo. Hawatauharibu unyayo wao kwa uchawi, wala hawatauchukua. Na anayemjua mwenye nia hiyo atamtaja.

Na msidhani walioapa ni wanakijiji wa porini. Waliapa maboyari, wakubwa wa koo waliokaa barazani na mfalme.

Sasa niseme kitu ambacho sikuwahi kukisema kwa sauti nilipokuwa Urusi. Niliamini uchawi ni wa kwetu. Wao walikuwa na Tolstoy na roketi. Mama wa zamu na ufagio wake nilimweka kwenye kapu la "wazee wana mambo yao". Nilikuwa na aibu ya kwetu niliyoibeba pamoja na pasipoti. Kwa hiyo kiapo kiliponigonga, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha ya kijinga: kumbe na nyinyi!

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Kisha ikaanza kunikera, kwa sababu "kumbe na nyinyi" haielezi chochote. Kila taifa lina wake. Swali lililobaki ni dogo na lina miiba: kwa nini mtu mwenye jeshi, magereza na hazina aogope alama ya mguu wake mwenyewe?

Godunov hakuzaliwa mwana wa mfalme. Mwezi Januari 1598 alikufa tsar Fyodor, wa mwisho wa ukoo wa zamani, bila mtoto. Mke wa Fyodor alikuwa dada yake Boris. Kiti alikipata kwa ushemeji, tuseme, na kila boyari aliyempigia magoti alijua kwamba kwa damu yeye mwenyewe alikuwa na haki zaidi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1600, mifuko ya mizizi ilikutwa kwenye ghala la boyari Alexander Romanov. Ikapelekwa mbele ya wakubwa, ikamwagwa hadharani. Mizizi tu, jamani. Familia nzima ikasombwa. Kaka mkubwa, Fyodor Romanov, alinyolewa utawa kwa nguvu akapewa jina la Filaret, na mkewe akafanywa mtawa vilevile. Watatu kati ya wadogo zake walikufia uhamishoni, akiwemo Alexander mwenyewe. Mmojawao alifungwa minyororo ndani ya shimo. Maandishi ya baadaye yanasema mifuko ile iliwekwa na mtumishi wao aliyehongwa. Lakini maandishi hayo yaliandikwa wakati ukoo huohuo umeshatawala, sasa wangesema nini kingine?

Maana walitawala. Mwaka 1613 mtoto wa Filaret, kijana wa miaka 16, alichaguliwa tsar. Ukoo wa mifuko ya mizizi ulikaa Urusi mpaka 1917.

## Mchawi ana ndevu

Ukiniambia "mchawi", picha inayonijia ni ya bikizee. Sijivunii hilo. Ni picha ileile iliyoua vikongwe kule Usukumani kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni miaka sitini.

Kwa hiyo nilikwama kabisa nilipofika kwenye kesi za uchawi za Moscow za karne ya 17. Ulaya Magharibi, wakati huohuo, walichoma wanawake kwa wingi. Moscow mambo yalikuwa kinyume: karibu watatu kati ya kila washtakiwa wanne walikuwa wanaume.

Nilitafuta kosa kwenye hesabu. Hamna.

Ukiwaangalia ni akina nani, picha inaanza kukaa sawa. Askari. Watumwa wa mashamba waliotoroka. Waganga wa kutangatanga kutoka kijiji hadi kijiji. Makarani na mapadri, kwa sababu wao walijua kuandika, na dua ya kichawi iliyoandikwa ilikuwa na bei. Walikamatwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya kofia, au mzizi uliofungwa kwenye kamba ya msalaba shingoni. Na maafisa waliowahoji hawakujishughulisha sana na habari za mkataba na Shetani, ambazo kwa majaji wa Ujerumani zilikuwa ndiyo kesi yenyewe. Waliuliza: nani alikufundisha? Umempa nani? Ulimkusudia nani? Ukisoma maswali yale unaweza kudhani ni polisi wanafuatilia mtandao wa bangi.

Sasa hizo karatasi zilikuwa zinaomba nini? Mapenzi, ndiyo. Kupona ngiri. Kushinda kesi. Lakini kundi moja lilinifanya niweke kikombe chini: maneno ya kulainisha moyo wa bwana. Bwana anione kama jua. Bibi asinipige. Kama maiti asivyofungua kinywa, hakimu naye asifungue kinywa juu yangu. Maneno haya yalinong'onwa juu ya chumvi, na chumvi ikaingia kwenye chakula cha mkubwa.

Mwaka 1649 ilitoka sheria iliyowafunga wakulima kwenye ardhi ya mabwana zao, wao na vizazi vyao, na mtoro akawa anasakwa bila kikomo cha miaka. Hakuna pa kwenda. Hakuna wa kushtaki kwake, maana hakimu ni rafiki wa bwana.

Mtu wa namna hiyo ana nini mkononi?

Ana chumvi.

Hapo ndipo kiapo kilipofunguka kwangu. Chumvi ya mtumwa na hofu ya tsar ni kamba moja iliyoshikwa ncha mbili. Aliye chini anaamini kuna mlango wa siri wa kuufikia moyo wa mkubwa. Mkubwa naye anaamini mlango huo upo, na kwamba ufunguo anao yeyote anayempikia, anayemfulia, anayepita nyuma yake alipokanyaga.

Nisiwapambe lakini. Katika mfuko uleule wenye maneno ya kumtuliza bwana mkatili, kuna karatasi ya kumtia wazimu wa mapenzi mke wa jirani mpaka asile wala asilale. Na kesi zenyewe zilikuwa za kutisha. Watu walining'inizwa kwa mikono iliyofungwa nyuma, wakachapwa, wakaunguzwa, mpaka wakamtaja mwingine, na mwingine akamtaja mwingine. Mtandao ulipatikana siku zote, maana ukimning'iniza mtu muda wa kutosha haishi majina.

## Ramli imefika kwa njia mbili

Hapa naomba nipunguze mwendo, maana ndipo nilipopapenda.

Tarehe 26 Julai 1951, mjini Novgorod, wachimbaji wa mambo ya kale walitoa matopeni gome la bachi, mti wa nchi za baridi, lililoandikwa. Tangu siku hiyo yametoka zaidi ya 1,000: madeni, ugomvi wa ndoa, mtoto anajifunza herufi akachoka akachora farasi. Gome namba 715, la karne ya 13, ni dogo na lina sentensi moja. Linawaita malaika, tisa mara tatu, na malaika wakuu, tisa mara tatu, wamwokoe mtumwa wa Mungu Mikhei na homa, kwa maombi ya Mama Mtakatifu wa Mungu.

Ukilikunja na kulishona ndani ya kitambaa ni hirizi. Sijui nitumie neno gani jingine.

Angalia nani anaitwa: malaika na Bikira Maria. Hamna mungu wa kale wa radi pale. Watu hupenda kusema Warusi walikuwa na dini mbili, Ukristo juu na upagani chini, kama sufuria yenye ukoko. Mimi sioni ukoko. Mikhei angeshangaa ukimwambia ameacha dini. Ni sawa na kumwambia mzee wa kwetu anayekunywa kombe, Aya imeandikwa kwa zafarani ikaoshwa kwa maji, kwamba anafanya upagani. Atakutazama tu.

Maneno ya uganga ya Warusi huitwa *zagovor*, na yana mwendo wake. Huanza na safari: nitaamka mimi mtumwa wa Mungu, nitajibariki, nitatoka mlango hadi mlango, lango hadi lango, mpaka uwanda mpana, mpaka bahari, na baharini kuna kisiwa cha Buyan, na kisiwani kuna jiwe liitwalo Alatyr. Ukishafika kwenye jiwe ndipo unaeleza shida yako. Mwishoni unafunga: maneno yangu yawe imara, hapa ufunguo, hapa kufuli. Waliamini pia kwamba mganga akishang'oka meno maneno yake hayashiki, sharti ambalo nadhani lingefunga vilinge vingi pwani.

Mganga wenyewe humwita *znakhar*, kutoka kitenzi cha kujua. Mjuaji. Na aliyerogwa husema "ameharibiwa", kama sisi tunavyosema "amechezewa", bila kumtaja aliyecheza.

Lakini kilichonifanya nipige meza ni hiki. Mwaka 1551 baraza la kanisa liliketi Moscow, mbele ya tsar Ivan wa Kutisha, likatoa orodha ya vitabu vya haramu. Kimojawapo kiliitwa *Rafli*. Ni kitabu cha kuagua kwa nukta: unapiga nukta bila kuhesabu, unazipanga witiri na shufwa, zinatoka sura kumi na sita, na sura zinasema. Neno lenyewe wataalamu wanalirudisha kwenye Kiarabu, likipitia Kigiriki. *Raml*. Mchanga.

Ramli, ndugu zangu. Ileile.

Kwetu ilishuka na majahazi na vitabu vya wanazuoni. Kwao ilipanda kaskazini kupitia Wagiriki, ikavuka mito, ikaingia kwenye theluji, ikabadilika herufi moja. Na marufuku haikuwazuia. Mwaka 1579, mjini Pskov, mtu aitwaye Ivan Rykov aliketi akaandika rafli nzima upya na kuipaka Ukristo, nukta zile zikawa zinasema kwa idhini ya Mungu. Sijawahi kumwona mwaguzi wa Tanga asiyeanza na Bismillahi.

## Masumbuko

Kuna upande mwepesi, nao nisiuruke, maana mama wa zamu angenilaumu.

Kati ya Krismasi yao, Januari 7, na sikukuu ya Ubatizo, Januari 19, mabinti wa Urusi walikuwa wakitafuta waume gizani. Walirusha kiatu juu ya lango: kinakoelekeza ncha ndiko atakakotoka mume. Walimwaga nta ya moto majini wakasoma umbo lake. Wenye moyo mgumu waliingia usiku wa manane kwenye *banya*, bafu la mbao la mvuke, mahali ambapo msalaba huvuliwa na ambapo pana jini lake mwenyewe. Huko binti aliweka makalio wazi mlangoni na kusubiri. Ukiguswa na mkono wenye manyoya, mume tajiri. Mkono usio na manyoya, maskini. Wanaume wa kijiji bila shaka walijua ratiba.

Mshairi Pushkin alimpa Tatyana wake mila hizo. Katika sura ya tano ya *Evgeny Onegin* binti huyu, msomaji wa riwaya za Kifaransa, anatoka nje kwenye baridi na kumuuliza mpita njia jina lake, kwa sababu ndilo litakuwa la mumewe. Anajibiwa: Agafon. Ni jina la kishamba kabisa masikioni mwao. Ni kama binti wa Masaki asubiri kusikia "Jordan", ajibiwe "Masumbuko".

Na Pushkin mwenyewe? Desemba 1825 alikuwa amezuiliwa kijijini kwao Mikhailovskoye. Akaamua kutoroka kwenda Petersburg. Rafiki zake walisimulia kwamba sungura alikatiza njia, akageuza gari. Siku chache baadaye, tarehe 14, rafiki zake wa Petersburg wakaasi dhidi ya tsar mpya. Watano walinyongwa, wengi wakapelekwa Siberia. Mwaka 2000 yule sungura alijengewa mnara.

## Nzi waliofika Seneti

Serikali nayo ilikuwa inafanya nini miaka yote hiyo? Mwanzoni ilikuwa na shoka. Kumbukumbu za kale, kwenye habari za mwaka 1071, zinasimulia kwamba mwaguzi alitokea Novgorod, mji mzima ukasimama upande wake, na kwa askofu wakabaki mwanamfalme Gleb na askari wake tu. Gleb akaficha shoka ndani ya joho, akamwendea. Unajua kitakachotokea kesho? Najua yote. Na leo? Leo nitafanya miujiza mikubwa. Gleb akatoa shoka.

Wanaosimulia hucheka hapo. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipojiuliza kwa nini mwanamfalme alihitaji kushinda hoja kwanza. Angeweza kumuua bila kumuuliza kitu. Watu walikuwa wanaangalia, na alitaka waone kwamba yule mtu *hajui*.

Karne ya 18 sheria iligeuka katika hoja hiyohiyo. Amri ya 1731 bado inaamuru kuchoma moto, lakini sasa mchawi anachomwa kwa kuwa tapeli: anajifanya kujua. Kisha akaja malkia Ekaterina wa Pili. Huko Yarensk, mbali kaskazini, ofisi ya serikali iliwachapa wanakijiji mpaka wakakiri kwamba wanawatumia watu wadudu kwa upepo, wakaingia miilini. Ofisi, kwa bidii ya kazi, ikawatuma wadudu wenyewe mpaka Seneti, baraza kuu la dola kule Petersburg, kama kielelezo. Maseneta wakafungua. Walikuwa nzi. Nzi wa kawaida, waliokaushwa, aliowatoa mwanamke mmoja ili aepuke viboko. Mwaka 1770 Seneti ikatoa amri ya kuwakemea maafisa wanaosikiliza upuuzi.

Niliposoma hapo nilitaka kumaliza makala. Akili imeshinda, tufunge duka.

Ila kuna Vrachevo.

Februari 1879, kijiji cha Vrachevo, wilaya ya Tikhvin, jimbo la Novgorod. Mjane wa askari, Agrafena Ignatieva, maskini. Wanawake kadhaa kijijini wanashikwa na degedege, wanapiga kelele, wanamtaja yeye. Wanakijiji wanakusanyika, wanapigilia madirisha ya nyumba yake kwa misumari, naye yumo ndani, wanaichoma. Mahakamani walifikishwa watu kumi na saba. Watatu walipewa toba ya kanisani. Wengine wote waliachiwa.

Miaka mia moja na tisa baada ya wale nzi.

Hapa nimezunguka zaidi ya mahali pengine pote, na sina hakika nimetoka. Maafisa wa 1770 walikuwa sahihi, wale ni nzi. Lakini waliposema "hakuna kesi hapa", hofu haikwenda nyumbani. Ilikosa tu meza ya kupokelewa. Sisi tulirithi sheria za namna hiyo kutoka kwa Waingereza, ya Kenya ya 1925 na ya Tanganyika ya 1928, na malalamiko niliyoyasikia utotoni ni yaleyale: serikali inamlinda mchawi. Je, basi serikali irudi kuning'iniza watu ili wanakijiji wasichome nyumba? Hapana. Nimeandika "hapana" hiyo mara nne, nikaifuta mara tatu, si kwa kuwa naitilia shaka bali kwa kuwa haimsaidii Agrafena.

Yeye hakumwogopesha tsar yeyote. Alikuwa mjane anayeomba unga, na majirani walimpa kwa sababu walimwogopa, na walimwogopa kwa sababu walikuwa wanampa huku hawataki. Kamba ileile, safari hii imeshikwa na watu wote walio chini.

## Mtungi wa lita tatu

Nilimpigia mama wa zamu. Amestaafu, anaishi na mbwa, kusikia ni shida, lakini simu ya video aliipokea.

Nilimuuliza habari za 1989. Waliokuwa hai Urusi wakati ule wote wanajua ninachouliza. Dola la Kisovieti linayumba, maduka matupu, na kwenye televisheni ya dola hiyo, iliyofundisha watu miaka sabini kwamba hakuna Mungu, anatokea Anatoly Kashpirovsky kuwaponya watu kwa macho. Asubuhi kuna mwingine, Allan Chumak, mwandishi wa habari wa zamani: anakaa kimya mbele ya kamera na kupunga mikono hewani, akitia nguvu maji. Watu waliweka mitungi ya maji na mikebe ya krimu mbele ya kioo.

"Na wewe uliweka?"

"Niliweka. Mtungi wa lita tatu."

"Ulisaidia?"

"Sana. Kesho yake maji ya bomba yalikatika."

Akacheka mpaka mbwa akabweka. Nikamkumbusha roketi zangu, ustaarabu niliouhusudu. Akaniambia nisijitie upofu: mwanaanga gani hajui habari ya gurudumu? Aprili 12, 1961, Yuri Gagarin akiwa njiani kwenda kurushwa aliteremka kwenye basi akakojoa gurudumu la nyuma la kulia. Akarudi salama. Waliomfuata kwa miongo mingi nao waliteremka. Na tarehe 24 Oktoba hawarushi roketi kule Baikonur, maana siku hiyo mwaka 1960 kombora lililipuka likaua makumi ya watu, na siku hiyohiyo mwaka 1963 pakawaka tena. Wahandisi hao, wenye shahada na vikokotoo.

Kisha nikamuuliza nililompigia. Siku ile ya ufagio, alikuwa anaogopa nini hasa?

Alifikiri. Akasema hakuogopa. Mwanawe alikwenda jeshini asubuhi moja, na yeye, kwa haraka ya kuwahi zamu, alifagia.

Sikuuliza zaidi, naye hakuongeza.

## Simu ya pili

Kiapo cha 1598 nilikitafsiri mwenyewe, ovyoovyo, kwenye daftari. Jumapili nikampigia baba mdogo, Tanga, nikamsomea bila kumwambia ni cha nani. Chakula, kinywaji, nguo, mizizi, upepo, unyayo. Sikuhitaji kumfafanulia neno hata moja.

"Hao ni wa Pemba au wa Gamboshi?" akauliza.

"Warusi, baba. Walimwapia mfalme wao."

Kimya kidogo. Nikasikia anakoroga kitu.

"Huyo mfalme," akasema, "ufalme aliupataje?"

Wiki sita nimesoma, nimechora mishale kwenye daftari, na mzee ameuliza akiwa anakoroga uji. Nikaanza kumsimulia habari za mji wa Uglich. Mwezi Mei 1591, mtoto wa miaka minane, mdogo wake tsar, alikutwa uani na jeraha la kisu shingoni. Tume ikaenda, ikasema ana kifafa, kaangukia kisu alichokuwa anachezea. Watu wakasema Boris.

"Ngoja kwanza," akasema baba mdogo, "nizime jiko."